Kabini ya Mama Véro

Harufu ya mafuta ya taa yaliyochanganyika na grisi ndiyo iliyokuwa harufu ya ua wetu katika mtaa wa Katuba. Upande mmoja mama alipika bukari, ugali wetu, na upande wa pili, chini ya mabati manne, baba aliosha vyuma ndani ya nusu pipa. Mpaka leo nikinusa mafuta ya taa nasikia njaa, na siwezi kumweleza mtu kwa nini. Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka kumi, na baba alikuwa anamaliza lori lake. Nasema kumaliza, lakini sijui niseme lilianzia wapi. Shasi ilikuwa ya lori kuukuu la kubeba magogo. Injini ilikuwa ya basi lililotengenezwa miaka mingi baada ya shasi ile. Giaboksi ilitoka kwenye lori la maji, na taa moja ya mbele ilikuwa ya mviringo, nyingine ya mraba. Baba alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyetoka Mitwaba. Hakusoma sana, na mimi pia sikusoma sana, lakini aliweza kukaa siku nzima akitafuta kwa nini tundu la mwaka huu halikutani na bolti ya mwaka ule. Alitoboa matundu mapya, akakata tairi kuukuu kuwa mito midogo kati ya kabini na shasi, akasema chuma hakina kabila.

Majirani walikuja kutazama kama watu wanaotazama mgonjwa. Papa Kabeya, muuza makaa wa ng'ambo ya barabara, hakupita bila kusema neno. "Papa Régine," alimwita baba kwa jina la dada yangu mkubwa, kama desturi yetu, "hii gari ikipata homa, utaiita docteur wa wapi? Kichwa iko na miaka yake, tumbo na yake, miguu na yake." Baba, akiwa amelala chini ya injini, akamjibu, "Na wewe, yale meno mbili ya mbele iko ya mwaka gani?" Kila mtu alijua meno yale yalikuwa ya bandia. Papa Kabeya alicheka kuliko wote. Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda, na ndani ya vicheko kulikuwa na jambo zito ambalo hata mimi nililielewa: baba alikuwa ametia kila kitu chake katika chuma kile. Lori lingekwenda Kilwa, ile Kilwa yetu ya ziwa Mweru, kuchukua samaki wakavu. Lisingekwenda, Régine na mimi tusingerudi shule.

Kabini ilikuja mwisho. Hapa lazima nieleze desturi ya mafundi wa upande wetu. Kabini ambayo mtu alifia ndani yake haikufungwa juu ya lori lingine mpaka mnunuzi aende kwanza kwa wenye msiba. Mtu mmoja wa familia hiyo alikuwa anakuja, anamwaga maji kwenye ngazi ya kupandia, anamwambia marehemu ashuke. Basi. Haikuchukua hata nusu saa, lakini bila hivyo, walisema, dereva mpya anashika usukani pamoja na wa zamani, na mikono minne haiendeshi gari moja. Mimi nakumbuka nikiwa na baba mahali pa vyuma chakavu siku aliyoinunua. Namkumbuka muuzaji, mtu mfupi mwenye kofia ya sufi, akisema, "Papa, hii kabini iko na benyewe. Mutu alikufaka ndani." Na namkumbuka baba akigeuza uso, akisema, "Usinionyeshe kwabo. Sikusikia kitu." Sasa naelewa kwamba aliogopa kwenda. Wenye msiba wangeweza kukataa, na hakuna kabini nyingine iliyokuwa inakaribia upana wa shasi yake. Aliipaka rangi ya buluu juu ya kijani, mara mbili, na ikang'aa.

Jumapili ya kubariki lori, tulitoka misa tukiwa tumevaa nguo za Pasaka ingawa haikuwa Pasaka. Padri alikuja na maji yake ya baraka. Kabla hajafungua kitabu, mwanamke mmoja aliyevaa nguo nyeusi aliingia uani, akatusalimu sote kwa heshima, akafungua mlango wa lori, akapanda, akakaa kwenye kiti cha dereva. Tulidhani ni mgonjwa wa akili. Baba akamwambia kwa upole ashuke. Yeye akafunua kitambaa kilichofunika kiti, akaonyesha mshono wa uzi mweusi. "Huu mushono ni wa mukono yangu," alisema. "Machine ya kushona ilikuwa imeharibika, nikashona na sindano. Bwana yangu alikufaka hapa. Mimi sishuke." Hivyo ndivyo tulivyomjua Mama Véro, ingawa nani alimwelekeza kwetu hatukujua kamwe.

Saa zilizofuata ndizo zilizonichanganya akili, na hazijaacha. Hakuna mwanamume aliyethubutu kumgusa, maana mjane aliyevaa nguo za matanga havutwi mkono. Basi wakabaki kubishana chini. Wengine walisema gari ni shasi, kwa sababu namba imechongwa pale, kwa hiyo gari ni la baba. Papa Kabeya, aliyekuwa anatutania kila siku, safari hii alisema bila kucheka kwamba mtu hatambuliwi kwa uti wa mgongo, anatambuliwa kwa uso. Padri alisema vyuma havina roho, halafu akakubali kungoja. Baba alisimama mbele ya wote, akaweka mkono kifuani. "Mon père, mbele ya Mungu, mimi sikujua kama mutu alikufaka ndani." Nilimtazama. Nilitaka anitazame pia, lakini hakugeuka. Yule alikuwa baba aliyenichapa kwa sababu ya uongo wa kipande cha sukari.

Mchana mama akanipa kikombe cha maji na sahani ya bukari nimpelekee mgeni. Nilipanda upande wa pili, nikakaa. Ndani mlikuwa na joto na harufu ya rangi mpya. Mama Véro alikunywa maji, hakugusa chakula. Akaniuliza injini ni ya nani, nikamwambia ya basi. Magurudumu? Ya lori la mawe. Akauliza, "Sasa ya baba yako ni nini?" Nilifikiri sana, nikasema, "Bolti, Mama." Akacheka, kicheko kifupi, nami nikafurahi kwamba nimemchekesha. Halafu akauliza kwa sauti ileile, "Baba yako alijua?"

Ningeweza kusema sijui. Mtoto ana ruhusa ya kutojua. Lakini nilikuwa bado na ule uso wa baba machoni pangu, na nikasema, "Ndiyo. Walimwambia. Alisema hakusikia kitu."

Hakulia wala hakupaza sauti. Aliweka mikono juu ya usukani, akaniambia, "Asante, mwanangu. Tangu alikufa, kila mutu ananiambia hajui kitu." Akashuka mwenyewe. Akaomba maji mengine, akayamwaga kwenye ngazi, akasema kwa sauti ya mtu anayemwita mumewe mezani, "Célestin, shuka. Tuende kwetu. Hii gari haiko yako tena." Baba alimwomba akubali kupelekwa nyumbani, akakataa, akaenda kwa miguu. Padri alibariki lori, na Jumatatu likaondoka kwenda Kilwa. Likaenda miaka mingi, likatulisha na kutusomesha kadiri lilivyoweza, ingawa kila baada ya muda baba alibadilisha kitu. Watu walisema maji ya padri ndiyo yaliyomshusha mjane. Baba naye alisema hivyo.

Alihadithia habari ile kwa wageni maisha yake yote, na kila mara aliweka mkono kifuani: mimi sikujua. Kiangazi kilichopita, akiwa kitandani, alinihadithia tena mimi mwenyewe, kana kwamba sikuwapo. Nilimlisha uji huku nikimsikiliza. Macho yake yalikuwa safi kama ya mtu anayesema kweli, na sikuwa na nguvu ya kumuuliza. Siku tisa baada ya hapo tulimzika. Kwenye matanga, nikiwa nimechoka, nilimwambia Régine peke yake yale niliyomwambia Mama Véro. Dada yangu aliweka chini sufuria aliyokuwa akisugua. "Lakini siku ya kununua kabini wewe haukukuwa hapa," alisema. "Ulikuwa Mitwaba kwa nkambo, kwa wazazi ya papa, ule mwezi wote. Ni mimi njo nilienda na papa." Nikamuuliza muuzaji alisema nini. Akasema hakumbuki, yeye alibaki nje na mkokoteni. Nikamuuliza kama muuzaji alikuwa mfupi, mwenye kofia ya sufi. Akanitazama kwa huruma, akasema wauza vyuma wote wa wakati ule walivaa kofia za sufi.

Siku hizi malori yanayopita kwenda mpakani ni mapya, yamekuja mazima. Kila kitu ndani yake ni cha mwaka mmoja, na kikiharibika kinaletwa kingine ndani ya katoni, kinachofanana nacho mpaka herufi ya mwisho. Hakuna anayeuliza aliyekalia kiti kabla yake. Sisemi ni vibaya. Madereva wanalala vizuri, na watoto wao hawaombwi kushuhudia. Lori la baba lenyewe sijui nilitafute wapi. Injini iliuzwa Likasi, shasi ilikatwa, kabini nasikia ilifanywa kibanda cha kuuzia mkate, mtaa siujui. Mama Véro alihamia kwa watoto wake Kasai, na hakuna anayejua kama yuko hai. Basi nimebaki na swali peke yangu. Kama nilikuwapo, baba yangu alisema uongo mbele ya Mungu na akafa nao. Kama sikuwapo, mimi ndiye niliyemtungia uongo, nikampa mjane, na uongo huo ukafanya kazi ambayo ukweli ungeshindwa kuifanya. Mwezi uliopita nilikwenda kuungama. Nilimwambia padri, kijana mwenye subira, kwamba labda nimemsingizia marehemu baba, au labda sikumsingizia. Aliniuliza ni lipi kati ya hayo mawili ninalotubu. Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakaanza kukohoa. Akaniambia nirudi nitakapojua. Bado sijarudi.