Moto Ulioanzia Shambani kwa Mwenyekiti

Nilitoka Nachingwea mjini kwenda kujitolea katika msitu wa kijiji kimoja upande wa Ruangwa, nikijiona mtu wa maana. Nilidhani nitafundishwa kupanda miche. Siku ya kwanza mwenyekiti wa kamati ya msitu, mama mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, akanikabidhi kiberiti. Nusura nirudi nyumbani.

"Tunauchoma ili usiungue," akaniambia, kisha akaucheka uso wangu.

Masika yakiisha, alinieleza, nyasi bado zina unyevu. Ukizichoma wakati huo moto unatambaa chini, mipingo na mininga inabaki. Ukiziacha hadi kiangazi kikali, mwindaji mmoja wa panya akiwasha moto wa kuwatoa mashimoni, msitu mzima unakwenda, pamoja na miche inayoota yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa mwaka uliotangulia, na moto ule ukaingia hadi kwenye mikorosho ya watu. Sasa kijiji kilikuwa hakitaki hata kusikia habari ya kiberiti.

Mkutanoni hakuna aliyekubali tuanzie karibu na shamba lake. Mzee mmoja, jirani wa mwenyekiti, alisimama.

"Mimi nimeunguliwa mwaka jana, mama. Ukiwasha karibu na mikorosho yangu, mimi na wewe basi."

Akapigiwa makofi.

"Basi tutaanzia kwangu," alisema mwenyekiti.

Alikuwa mjane, na mikorosho ile ndiyo iliyowalea wanawe. Hakuwa na shamba lingine. Niliona kichaa kimempanda, na hapohapo nikampenda.

Tulilima mkanda kati ya shamba na msitu mpaka ukabaki udongo mtupu. Baada ya swala ya alasiri, upepo ulipotulia, tukawasha. Wanakijiji walisimama kando wamekunja mikono. Moto ulikwenda kwa adabu, taratibu, hadi upepo ulipogeuka. Cheche zikaruka mkanda, na majani makavu chini ya mikorosho yake yakashika.

Mimi nilipiga kelele, basi, huo ndio ukawa mchango wangu. Mwenyekiti alikwishavunja tawi bichi na kuingia. Wa kwanza kumfuata alikuwa yule mzee, kanzu kaikunjia kiunoni, akiupiga moto huku akiutukana upepo. Halafu wakaingia wote, nami nikapata akili nikavunja tawi langu. Miali ilikuwa mifupi, haikutufika magotini, na tuliimaliza kabla jua halijazama. Mkorosho mmoja ulikuwa umebabuka vibaya, wa kutopona.

Nikajua mambo yamekwisha. Nani angekubali tena baada ya hapo? Kiangazi kingekuja na kuumaliza msitu ule, na huyu mama angekuwa amepoteza mti wake bure. Aliushika ule mkorosho, akaupapasa gome, hakulia. Nilimheshimu kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Kisha akawageukia watu, akaanza kuwaomba radhi.

Mzee akamkatiza, uso umejaa masizi.

"Radhi ya nini? Ule wa mwaka jana tuliukimbia. Huu tumeuzima kwa matawi." Akakohoa moshi, akatema mate. "Kesho njooni kwangu. Ila mkanda ulimwe mpana."

Hapo ndipo mwenyekiti alipokaa chini, kwenye majivu, akalia.