Mke Mwenza wa Leipzig

Jirani yangu wa Temeke, Bi Mwamvita, alikaanga samaki miaka nenda rudi na hakuna aliyemshinda maneno. Lakini mwaka 1974 nilimkuta amenywea. Mwanawe Bakari, aliyekuwa akisoma Leipzig, Ujerumani, alikuwa ameandika kwamba binti yake wa miaka sita, Zuena, Kiswahili anakielewa ila hataki kukisema. Na Desemba walikuwa wanakuja likizo.

"Mjukuu ndiyo kwanza nimwone, halafu tutazamane kama mabubu?" aliniambia. "Leodegar, wewe si una tepurekoda? Fanya kitu."

Mie, mwalimu wa elimu ya watu wazima, nikajiona fundi. Nikamtungia masomo. Hiki ni kiti, hii ni meza. Akayatamka utadhani anaapishwa mahakamani. Kaseti mbili zikaenda posta. Bakari akajibu kuwa mtoto anazisikiliza anasinzia. Iliniuma, nikasema mtoto mwenyewe mvivu.

Bi Mwamvita akanikata jicho. "Bibi gani anamhadithia mjukuu viti na meza? Washa mashine yako, unyamaze."

Nikawasha. Akajishika kiuno.

"We Zuena, mke mwenzangu. Mume wetu Mzee Mwishehe jana kaninunulia kanga doti nzima. Wewe kakununulia nini? Hakutaki. Kupika hujui, usingizi ndio kazi yako. Ukija utalala nje."

Mzee Mwishehe, mumewe, alicheka hadi akakohoa. Mie niliogopa. Utani wa bibi na mjukuu, mtoto aliyezaliwa Ulaya ataujulia wapi? Si ataangua kilio? Kaseti niliituma shingo upande.

Wiki sita kimya. Bi Mwamvita akaanza kujilaumu kwamba amemtisha mtoto, na sasa ndiyo basi tena.

Kisha kaseti ikaja. Tukakaa uani watatu, roho mkononi. Sauti ya Bakari ikasema, "Haya, mwambie." Halafu kasauti kadogo, neno moja moja:

"Bibi. Wewe mzee. Huna meno. Babu mume wangu mimi. Nakuja Desemba. Wewe utalala nje."

Bi Mwamvita alitoka mbio hadi barabarani, vigelegele juu, samaki wanaungua, akimwambia kila apitaye, "Nimetukanwa! Mke mwenzangu kanitukana!" Mzee Mwishehe anafuta machozi, na mie mwalimu mzima vilevile, sioni haya kusema.

Akarudi akihema, akaketi mbele ya tepurekoda, akajifunga kanga vizuri.

"Irudishe nyuma, mwanangu," akasema. "Nitukanwe tena."