Chaki Juu ya Mlango

Wewe, nyumba yako umeijenga nchi kavu, au mahali bahari ilipotoka kidogo tu?

Fundi Leveli hakuwahi kujiuliza hilo. Nusu ya mtaa ule ni kazi ya mikono yake, na jina alilipata kwa sababu kuta zake hazipindi hata unywele. Siku hiyo alimaliza kuchimba msingi wa nyumba ya bintiye, ubavuni mwa yake, akaenda machimboni nyuma ya mtaa kuchagua mawe. Huko alimkuta mtaalamu wa miamba, mwanamke kijana, akisugua ukuta wa machimbo kwa brashi.

"Shikamoo mzee. Hebu ona. Haya ni matumbawe, na yaliota hapa hapa."

"Hapa nchi kavu, mwanangu?"

"Miaka laki moja na ushei iliyopita dunia ilipata joto kidogo, barafu za kwenye ncha zake zikayeyuka, bahari ikapanda mpaka hapa. Baridi iliporudi, ikashuka zaidi ya mita mia. Kisha ikapanda tena. Haijawahi kutulia."

"Na sasa?"

"Sasa joto tunalileta wenyewe, tena mbio."

Fundi alicheka kwa adabu, lakini hakuchagua jiwe hata moja. Akachukua mpira wake wa maji, ule unaopitisha mwanga, ambao waashi huhamishia usawa kutoka pembe hadi pembe. Akaanzia kwenye tumbawe la juu kabisa, akapiga alama za chaki ukuta kwa ukuta hadi kwake. Alama ya mwisho ilikaa shubiri moja juu ya mlango.

Mkewe alikuwa akianua nguo. "Baba Watoto, mbona unaupima mlango, una homa?"

"Bahari ilifika hapa."

"Lini?"

"Zamani mno."

"Basi imeshaondoka. Kaoge, ule."

Hakula. Alitazama nyumba za jirani, moja baada ya nyingine, zote zake, zimejaa watu waliomwamini. Na bintiye, aliyeingoja nyumba yake miaka saba, atamwambiaje aache?

Asubuhi alimkuta binti ameshafika, amechuchumaa ukingoni mwa msingi. Mvua haikuwa imenyesha, lakini mtaro ulikuwa na maji ya magotini, nayo yalizidi kupanda polepole kupitia vitundu vya mwamba. Binti alichovya kidole, akaonja, akatema.

"Baba, ni chumvi."

Akainuka, akamshika baba yake mkono wa shati, akamvuta nyuma.