Sahihi ya Mwenyekiti wa Jumuiya

Klara alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Mtakatifu Monika kwa miaka kumi na moja, na minane kati ya hiyo aliimaliza akiomba apumzishwe. Kila uchaguzi ukifika watu walipiga makofi na kumrudisha, maana kazi ya kuita majina kwenye sala ya Jumamosi alfajiri na kugombana na watu wazima haina mgombea. Siku nyingine zote alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Hashil, Mtaa wa Sikukuu, akipinda vitenge vya watu mpaka mgongo ukatae. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata sala ya jioni aliisali akiwa amelala chali, akimwomba Mungu asimhesabie.

Alhamisi asubuhi alikuja Scholastika, binti wa kutoka Masasi kama yeye, amejifunga khanga kiunoni, macho yamevimba.

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Kaka Athanas ametutoka jana. Aliugua. Parokiani wamesema nije kwako uweke sahihi."

Akatoa fomu ya mazishi. Klara aliijua kwa moyo. Katikati kulikuwa na mstari mmoja: marehemu alikuwa mshiriki hai wa jumuiya yetu. Bila sahihi chini ya mstari huo padre haji kaburini, na ndugu wanajizikia wenyewe.

Alitoa pole, kisha akatoa daftari la mahudhurio mkobani. Athanas kuli, mbeba marobota: mwaka mzima alifika mara mbili. Kwingine kote palikuwa na mkwaju wa kalamu nyekundu, alioupiga yeye mwenyewe.

Sheria ya kumnyima sahihi asiyehudhuria waliitunga wanajumuiya wenyewe, na Klara ndiye aliyeitetea kuliko wote, kwa hasira dhidi ya watu wanaokumbuka kanisa wakishanusa kaburi. Mwaka juzi aliikataa familia moja, akasifiwa kwa msimamo. Sifa zile hazijamshuka kooni hadi leo.

"Niachie mpaka mchana," alisema. Scholastika akaondoka.

Hashil, aliyekuwa akipanga majora mlangoni, alisikia yote. Alizaliwa kwenye duka lile, na Klara alimzoea kama ndugu.

"Kwetu maiti haulizwi daftari, Klara. Anabebwa. Mengine anayajua Mwenyewe."

"Kwenu hamna fomu."

"Fomu tunazo tele, ila za kodi."

Klara hakucheka. Alikuwa akiwatazama makuli wakipita na marobota mgongoni, shingo zimekakamaa. Malori ya mzigo yanashusha Jumamosi alfajiri. Hilo alilijua, soko zima linalijua. Na saa ile ya sala aliipanga yeye, kwa sababu iliwafaa wenye maduka. Aliona aibu, na aibu ikiingia juu ya uchovu inamfanya mtu mkaidi.

Akaukata ule mstari wa fomu kwa kalamu, akaandika pembeni: Hakufika. Alfajiri alikuwa anashusha mizigo, nasi hatukubadili saa wala kumfuata. Naomba azikwe. Akaweka sahihi, akaipeleka parokiani kwa miguu.

Paroko aliisoma mara mbili. "Mama, nikimpokea huyu, kesho watakuja wote."

"Waje, baba."

"Na sheria ni yenu wenyewe."

"Ndiyo maana imenichosha."

Padre alivua miwani, akasugua macho. Naye hakuwa kijana. "Kesho saa nane, makaburini," alisema. "Nitakuja."

Habari zilimtangulia Klara mtaani, na wanajumuiya wakanuna. Kati yao ishirini na sita, waliofika mazishini ni wanne. Makuli walijaa, wengine walitoka moja kwa moja sala ya Ijumaa, kofia kichwani, wakashika kamba na majembe bila kuombwa.

Padre alipomaliza, mshereheshaji aliita neno la jumuiya. Klara alikuwa na maneno yake ya siku zote: mcha Mungu, mpenda watu, pengo lisilozibika. Ameyasema juu ya majeneza mengi, na safari hii yalikataa kutoka.

"Athanas hatukumjua," alisema. "Tulijua tu siku ambazo hakuja. Jumuiya inaomba radhi kwa familia." Akarudi nyuma. Mbele ya watu wote alijisikia mwepesi kidogo, kama mtu aliyetua ndoo.

Baada ya udongo na mashada, Scholastika alimfuata akamshika mkono. Sauti yake haikuwa na hasira.

"Asante kwa sahihi, mama. Nilikuwa sijui kama nikwambie. Kaka alilala ndani wiki sita kabla hatujampeleka hospitali. Mlikuwa mnasalia nyumba ya pili kutoka kwetu, kwa mama Dalia."

"Wiki sita?"

"Kila Jumamosi alikuwa ananiambia nifungue dirisha, awasikie mkiimba. Wiki ya mwisho akasema, leo wakimaliza watapita kuniona, niwekee shati safi."

Jumamosi zile sita Klara alizikumbuka vizuri. Kila wimbo ulipokwisha alifungua daftari, akaita jina la Athanas, akasubiri kidogo, kisha akapiga mkwaju.