Breki za Baba Mkwe

Mimi nimesoma madarasa mawili tu, lakini masikio yangu yaliwahi kumshinda fundi wa magari pamoja na tajiri wake. Wajukuu zangu wenye vyeti ukutani walijue hilo.

Niliolewa miaka ya hamsini, nikatoka kwetu Mafinga nikaletwa huku milimani, kusini ya Mbeya, kwa Wanyakyusa. Kwetu Uheheni mkwe unampigia goti, unasema kamwene, unampa maji ya kunawa, basi. Huku nikaambiwa baba mkwe haonwi. Ukisikia anakuja unajifunika kanga usoni, unaingia migombani mpaka apite. Mkikutana uso kwa uso, hata kwa bahati mbaya, ni aibu ya nyumba nzima, na mawifi wanakuimba mpaka mavuno. Miezi ya kwanza niliishi kama digidigi, shingo juu kila saa.

Halafu mzee akauza kahawa yake, akaenda Mbeya mjini kwa wakala wa magari, akarudi na pikapu mpya ya kijani. Kilimani kwetu kote hakukuwa na nyingine. Haikumaliza mwezi breki zikaanza kusaga. Ikiteremka ilikuwa kama mtu anaburuta sufuria juu ya mawe. Watu walikunja nyuso, mimi nikafurahi. Nikiisikia kwenye kona ya pili napata muda wa kutua mtungi, kujifunika vizuri na kujificha bila kukimbia. Nikaijua sauti ile kuliko ninavyojua mkoromo wa mume wangu.

Mzee hakufurahi. Alikuwa na karatasi ya dhamana: ndani ya miezi sita, kasoro yoyote ya kiwandani wanatengeneza wenyewe. Mara mbili alilipeleka gari Mbeya. Fundi aliliendesha tupu, akazunguka maduka, akalirudisha limenyamaza kama mgonjwa anayepona akifika kwa daktari. Wakala, Mhindi mmoja mwenye duka kubwa na maneno laini, akaandika barua kwa watengenezaji Ulaya. Jibu likachukua wiki nyingi, na lilipofika mume wangu akalisoma uwanjani: gari ni zima, dereva apunguze kukanyaga breki.

Nilikuwa jikoni, nikamsikia mzee kupitia ukutani. "Nipunguze kukanyaga breki. Sasa kilima nishuke kwa sala?"

Nilicheka mpaka nikaunguza maharage. Nilikuwa mjinga bado.

Wiki ile ile mume wangu alilishusha gari na mikungu ya ndizi. Likasaga, likasaga, likafika uwanjani kwetu na halikusimama. Lilipita mbele ya jiko, likaingia migombani, hapo hapo ninapojifichaga, likalala na mgomba kifuani. Mume wangu akatoka anatabasamu kama mtu aliyekusudia, kisha akakaa chini kwenye majani ya mgomba. Nikajua sauti niliyoifanya rafiki yangu itaniulia mume, au itamuua baba yake. Na dhamana ilikuwa imebakiza siku chache.

Mzee akatuma neno, na safari hii wakala akaja mwenyewe na fundi wake. Fundi akaendesha pikapu kuzunguka uwanja, mbele na nyuma. Kimya. Wakala akafuta miwani.

"Mzee, gari lako halina ugonjwa. Labda masikio."

"Masikio yangu yanasikia mpaka unavyonicheka," mzee akasema.

"Basi, niandike nini kwa watengenezaji? Kwamba gari linalia likiwa halina mgeni?"

Nilikuwa nyuma ya jiko na mama mkwe, tunamenya ndizi. Nikamwambia, "Mama, hawajui kulisikiliza. Asubuhi halilii, kupanda halilii, likiwa tupu halilii. Walijaze ndizi, walipeleke juu kanisani, washuke. Kona ya kwanza litanyamaza. Ya pili litaanza, gurudumu la mbele la kushoto. Wakifika kwenye mwamba litakuwa linasaga kama kinu."

Mama mkwe alinitazama. "Wewe Mhehe, umejuaje la kushoto?"

"Mama, ninajificha upande wa kushoto."

Akaweka kisu chini, akainuka, akayapaza yote neno kwa neno.

"Anayesema ni nani?" wakala akauliza.

Mzee akageukia barabarani, mgongo kwetu. "Ni jiko langu. Lina akili kuliko kiwanda chako. Pandeni."

Wakajaza mikungu. Mume wangu akashika usukani, fundi akakaa nyuma juu ya ndizi, wakala mbele na kofia yake. Wakapanda, tukasubiri. Kona ya kwanza, kimya. Ya pili ikaanza. Kwenye mwamba mbuzi wa jirani wakakimbia. Gari liliposimama wakala alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili, na fundi alisharuka chini, anatafuta jeki.

Alipolifungua lile gurudumu la kushoto, akakuta kipande cha breki kimepigiliwa upande tangu kiwandani. Kikipata moto, kichwa cha msumari wa shaba kinakwaruza chuma. Wakala akasaini mbele ya majirani. Fundi akarudi na vipande vipya kabla dhamana haijaisha, na pikapu ikanyamaza.

Mimi je? Siku ya tatu natoka mtoni, mtungi kichwani, nawaza mambo yangu, kumbe pikapu iko mbele yangu, imekuja kimya kama paka. Nilijitupa mtaroni na kanga usoni, mtungi ukapasuka, maji yakaniingia mpaka masikioni. Injini ikazimwa. Nikasikia mzee anasema, na najua aliukazia macho mgomba, kwa sababu ndiyo desturi.

"Migomba ya hapa imenisaidia sana. Kuanzia leo nitaipigia honi kona ya pili."

Akapiga miaka yote, mara mbili, hata akijua niko Mafinga kwa mama yangu. Uzee ulipomkuta akaliuza gari, akawa anatembea na fimbo. Nikiwa jikoni namsikia kona ya pili, mzee mzima mwenye kahawa na ng'ombe, anasimama, anasema kwa mdomo wake, "Pii, pii." Nami naokota kanga yangu.