Vidole vya Mama

Jumanne nilikuwa kwa foleni ya studio moja ya picha mjini Embu. Mbele yangu mwalimu mmoja, aliyepata kazi ng'ambo, alitaka picha za viza. Mpiga picha akaangalia ukuta wake uliochakaa, akakuna kichwa. "Wanataka nyuma iwe nyeupe kabisa, madam."

Mama yake mwalimu, aliyekuwa amemsindikiza, akavua kitambaa chake cheupe cha kichwa cha kanisa mbele yetu sote, akakitandaza nyuma ya bintiye. "Piga haraka, mikono inachoka."

Vidole vyake vikatokea pichani. Mpiga picha akasema ataviondoa kwa kompyuta.

"Kwa za viza, toa," binti akajibu. "Moja niachie hivyo hivyo."

Ubalozini wataona ukuta mweupe tu. Sisi ndio tuliousikia ukilalamika kuwa mikono inachoka.