Siku Nilikula Mbegu ya Mzee Bosco

Nakumbuka, mwanangu, ile mwaka mayi ilituzungusha kichwa hapa mlimani Kinanira. Usinicheke eti mi bado kijana na natoa mashauri ya wazee. Mudomo yangu imekula makosa mingi kuliko miaka yangu.

Robine, bomba ya mayi ya nyumbani, ilikauka wiki na wiki. Kanisani tuliomba mvula. Dada yangu Espe alikuwa na bustani ya lengalenga, ile mboga ya majani, ndiyo ilikuwa inalisha watoto wake, na majani ilianza kukunjamana. Sasa mi, kitu ikigusa dada yangu, hata ikiwa ni jua, nawaka. Nikabeba saki tatu, magunia ya muchanga, nikaziba mufereji ya kartie, ya mtaa wetu, ili mayi ya kufulia ya wenye kukaa juu, wale wenye matangi, iingie kwa Espe.

Jirani yetu wa chini, Mzee Bosco, mutu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, akakuja na fimbo yake.

"Kijana, umefunga mayi. Nani atafungua?"

"Mayi gani, Mzee? Mvula umeiona wapi? Ama ilikupigia simu toka Uvira?"

Watu wakacheka. Yeye akasema tu, "Mufereji ikikauka haisahau kazi yake," akaenda.

Siku tatu zilipopita, mchana, niko kartie ya chini, Nyakabiga, nabishana na watu juu ya mupira, mvula ikaanguka kama imemwagwa na beseni. Nikakimbia. Kupanda Kinanira na mvula, apana mchezo! Nikakuta mayi imefika kwa saki zangu, imekosa njia, imegeuka. Lengalenga ya Espe imebebwa pamoja na mizizi yake. Kwa Mzee Bosco imeingia mpaka magoti, na ni mule chini alikuwa ameweka maharagi yake ya mbegu, ya mwisho. Mbegu ya kwanza alipanda, jua iliichomea mu shamba yake kule Rusizi.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mi niliziba, na mwenzangu ndiye alibomokewa. Mpaka leo ile methali inanichanganya.

Nilingoja anitukane. Asubuhi yake akaniita. Maharagi ilikuwa imevimba. Mbegu ikishavimba, unaipanda siku ile ile ao unaipika, na shamba yake ilikuwa chini ya mayi. Basi alikuwa amepika chungu nzima, na mayi ya mvula, maana robine ilikuwa bado kavu. Mayi mu nyumba, apana mayi mu robine! Nielezee, we.

"Kaa, ule," akasema. "Hii ndiyo shamba yangu ya mwaka huu."

Nikala.

"Chumvi imetosha?"

Sikujua kama ananisamehe ao ananipiga. Nikajibu, "Imetosha, Baba." Ndiyo mara ya kwanza nilimuita Baba. Jumapili tukaomba mvula ikome. Labda Mungu naye alishika kichwa.

Mwanangu, sina majibu mingi. Sijui tena kama jua ni adui, ama mvula ni rafiki. Najua hii moja: ukifunga mayi, angalia kwanza nani anakaa chini yako, na usitoke hapo kabla ya kusema nani atafungua. Kupenda watu wako ni vizuri, lakini mapendo yenye kuziba macho ni saki ya muchanga mu mufereji. Na mzee akikuuliza ulizo, usimujibu na kicheko.

Mungu akupe mvula yenye kujua njia, na robine yenye kukumbuka kazi yake. Na mbegu yako iguse udongo kabla ya chungu.